Tairi Lililofungwa Mkanda

Wapo watu ambao harufu ya mpira mpya huwakumbusha viatu vya siku ya kwanza ya shule, wakatabasamu. Mimi hunipandisha wivu. Juzi, arobaini ya baba ikiwa imeshapita na ndugu wa Kilwa wamesharudi kwao, nilipeleka gari langu kubadilisha matairi Mbagala, kwenye kibanda cha Neema kando ya barabara kuu. Neema akachana nailoni ya tairi la kwanza, harufu ikatoka, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nikajikuta nimelikazia macho tairi lile kama mtu aliyekutana na mke mwenzake sokoni.

Neema akaacha kazi akanitazama. "Vipi, Mwanaidi? Limekukosea nini?"

Limenikosea mengi. Si lenyewe, ni ukoo wake.

Nyumba yetu ilikuwa Mbagala ya ndani, kule ambako ukiiacha lami unaingia mchangani, na ukiumaliza mchanga unakutana na mawe ambayo kila mwenye nyumba ameyamwaga mbele ya mlango wake kuzuia maji ya mvua. Baba alikuwa fundi wa mafriji. Mchana kutwa alikuwa mtu mpole wa kuinama nyuma ya mafriji ya watu na kuyasikiliza yanavyonguruma, akirudi jioni anakula, anaswali, analala. Hakuwa na makuu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ulikuwa gari. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la rangi ya fedha, limelala chini mpaka watoto wa mtaani wakaliita Kenge. Alilinunua likiwa hoi, akalifufua kidogo kidogo kila Jumapili, na siku aliyoimaliza injini akasimama mbele yake mikono kiunoni akasema, "Sasa limebaki peku tu."

Viatu vyake vikaja juu ya mkokoteni, vinne, vimefungwa kamba. Baba alikuwa ameyapata matairi hayo kwa mtu aliyekuwa akilivunja gari lake la mashindano. Yalikuwa mapana, meusi tii, na ubavu wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukiyatazama kwa pembeni unaona ringi tupu. Baba aliniita nibonyeze kwa ukucha. Nikabonyeza, ukucha ukazama.

"Umeona?" akasema. "Tairi la kawaida linapita juu ya njia. Hili linaishika njia."

Alilisema hilo kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwangu. Wivu wangu ulizaliwa pale pale, mkokoteni haujageuza.

Basi, matairi yale hayakuwa ya mtaa wetu. Jiwe moja lenye ncha lingetosha kuupasua ule ubavu, na jua likiyapiga kutwa yangekauka yakawa magumu kama mengine yote. Kwa hiyo yalipangiwa maisha ya peke yao. Siku za kazi Kenge alivaa matairi ya kawaida, ya kuparamia mawe. Jumamosi baada ya alasiri baba aliyapakia yale mapana ndani ya gari, akatambaa nalo mchangani taratibu mpaka kwenye lami. Pale palikuwa na kibanda cha fundi pancha mmoja, mtu wa Masasi, tuliyemwita Baba Neema. Wawili hao walipiga jeki, wakavua yale ya kawaida, wakavisha yale mapana, na baba akaondoka kwenda kutembea tu. Kilwa Road ilikuwa imetoka kuwekwa lami mpya, na baba aliipenda lami ile kama wengine wanavyopenda taarabu. Karibu na magharibi alirudi kibandani, wakavua tena, wakavisha tena, na matairi mapana yakaja nyumbani yamebebwa kama watoto waliosinzia shereheni.

Sasa hesabu ya viti. Ndani ya buti mlijaa vyombo vyake vya kazi, likaingia tairi moja kwa shida. Mawili yalikaa kiti cha nyuma, yametandikiwa shuka. La nne lilikaa mbele, kiti cha abiria, upande wa dirisha. Na ili lisije likaporomoka baba akifunga breki, alilifunga mkanda. Aliuvuta mkanda ule kwa mkono wa kulia, akauzungusha juu ya tairi, akauchomeka mpaka ukalia, kisha akalipiga kofi dogo la upole. Nilikuwa nikisimama kibarazani kumtazama. Mimi sikuwa nimewahi kufungwa mkanda na mtu yeyote.

Mama hakuwa na wivu wa kimya kimya kama mimi. Yeye wake aliutoa nje ukapunga upepo. Majirani walipomuuliza mzee anakwenda wapi kila Jumamosi amejipulizia manukato, alijibu, "Anatembeza wake zake. Wameshatimia wanne, sheria imejaa. Mie sijui nimeachwa lini." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Niliona mama anafanyia mzaha jambo la kweli.

Na kweli yenyewe nililala nayo chumba kimoja. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule ilipigwa jua jioni, kwa hiyo matairi yaliwekwa chumbani kwangu. Kitanda changu kilisogezwa ukutani yakapata nafasi. Yalioshwa kwa sabuni ya unga ndani ya beseni langu, lile la maua ambalo nilikuwa nikiogea tangu mdogo. Vijiwe vilivyonasa kwenye mifereji yake baba alivichokoa kimoja kimoja kwa mkia wa kitana changu cha kusukia nywele, ameketi kwenye kigoda, tairi amelilaza mapajani, akizungumza nalo chini chini. Mama akija kunisuka, kitana kina weusi. Nikilalamika ananiambia, "Tulia. Dada zako wamemaliza sasa hivi."

Mara ile ya kwanza, matairi bado mageni, baba alikuwa ameniuliza, "Jumamosi twende wote lami, ukasikie yanavyoshika?" Ningekuwa na akili ningeruka. Lakini nilikuwa nimeshasogezewa kitanda, nikanuna, nikataka kubembelezwa kwanza. Nikasema, "Sitaki. Yananuka. Nikiyasikia tu nataka kutapika."

Baba akanitazama kidogo, akatoka. Hakunibembeleza. Kesho yake nikarudi kutoka shule nikayakuta matairi yamepangwa kwenye kona yangu, moja juu ya jingine, yameviringishwa doti mpya ya kanga. Kanga yenyewe alikuwa ameletewa mama na wifi yake, nyekundu yenye korosho, haijapata hata kuoshwa, na maneno yake yalikuwa *Hasidi hana sababu*. Mimi nilikuwa najifunika shuka iliyotoboka. Wao wamevishwa kama bi harusi, tena wamenigeuzia maandishi. Kila asubuhi nikifumbua macho, neno la kwanza kusoma duniani ni hilo. Nilijua linanihusu. Nikamchukia na wifi yake mama, ingawa alikuwa shangazi yangu na alikuwa akinipenda.

Baba hakuniuliza tena habari ya lami. Nami sikumwomba, niliona mtu akikupenda ataona mwenyewe. Isitoshe, viti vilikuwa vimejaa. Hilo ndilo lililonisaidia kuvumilia. Nilijiambia kwamba mahali pangu papo, ila pamekaliwa na mpira, na mpira hauna roho.

Halafu siku moja shuleni tumekaa chini tunakula mihogo wakati wa mapumziko, Neema akasema, "Gari la baba yako lina kioo kinashuka chenyewe. Unabonyeza tu."

Neema huyu alikuwa mtoto wa yule fundi pancha, darasa moja nami, mwembamba, wa meno ya mbele yaliyoachana. Sikuwa na ugomvi naye mpaka dakika ile. Nikamuuliza amejuaje.

"Si nakaa pale mbele kila Jumamosi? Baba yako ananipeleka kwaya, kanisani Mtoni."

"Muongo wewe. Pale mbele panakaa tairi."

Akanishangaa. "Tairi linakaa vipi mbele, na limevaliwa na gari?"

Jamani. Nilikuwa na umri wa kujua kugawanya na kuzidisha, na hesabu ile ilikuwa imenishinda. Wakati wote ule nilikuwa naliona gari likiondoka limejaa na kurudi limejaa, sikuwahi kufikiri kwamba kati ya kuondoka na kurudi, matairi ya kawaida yako kibandani, matairi mazuri yako chini ya gari, na viti vyote ni vitupu. Siyo tena mpira uliokalia mahali pangu. Ni Neema.

Jumamosi ile nikamuaga mama kwamba nakwenda kwa mwalimu wa madrasa kurudia juzuu, nikaingia njia ya kwenda lami na hijabu yangu ya chuoni. Nilitembea mchangani kwa hasira, nikifuata alama za matairi ya Kenge. Nilipofika nikajibanza nyuma ya duka la mbao. Kazi ilikuwa imekwisha. Matairi ya kawaida yameegemezwa kibandani, Kenge amesimama amevaa viatu vyake, na lazima niseme kweli, alikuwa amependeza. Sijapata kuona kitu kimesimama kikaonekana kinakwenda. Neema akatoka ndani na sketi yake ya kwaya, akaingia mbele. Baba akainama dirishani, akauvuta mkanda kwa mkono wa kulia, akauzungusha, akauchomeka. Halafu akampiga kofi dogo begani.

Kofi lile lile.

Sikumbuki kuvuka. Nakumbuka nimesimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti yenye joto, na baba anatoka upande wa dereva uso umembadilika.

"Mwanaidi! Umekuja na nani? Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu."

"Mama yako mzima?"

"Mzima. Mbona Neema anapanda?"

Baba Neema, aliyekuwa anafuta mikono kwa tambara, akaitazama barabara kama mtu aliyeitwa upande wa pili. Hata shikamoo sikumpa. Baba akasema, "Anakwenda kwaya, nampitisha tu. Baba yake ananitunzia matairi pale, mimi nitashindwa kumsogezea mtoto?"

"Na mimi?"

"Wewe?" Akachuchumaa tukalingana macho. "Wewe si harufu ya matairi inakutapisha, mwanangu? Si uliniambia mwenyewe? Ndiyo maana nayaosha na sabuni kila yakirudi. Mama yako akatoa na ile kanga nzito tuyafunike, usilale na ile harufu puani. Kwani bado inakusumbua?"

Sabuni, beseni, kanga. Nilikuwa nimeyahesabu yote hayo kuwa mahaba ya baba kwa matairi. Na hata pale, mbele ya macho yake yaliyojaa wasiwasi, sikufurahi kama ninavyofurahi leo nikikumbuka. Nilisikia kitu kimoja tu: kwamba kumbe kiti kilikuwa changu tangu mwanzo, na nimempa Neema kwa mdomo wangu.

Neema akafungua mkanda. "Aje mbele, mie nitakaa nyuma."

"Sitaki cha kuachiwa," nikasema, na miguu ikapanda.

Kiti kilikuwa na joto lake. Baba akanifunga mkanda, na lile kofi nikalipata. Tukaondoka. Namna ya kuelezea sina, wanaojua wanajua. Gari la kawaida hukuambia kila linachokutana nacho njiani kwa kukutikisa. Kenge alikuwa akinong'ona. Sauti ya mpira laini kwenye lami mpya ilipanda kutoka chini ya miguu kama mtu anayepasua kitambaa kirefu bila kufika mwisho. Baba hakukimbiza, askari wa barabarani walikuwa wengi, lakini tulipofika kwenye kona akaingia bila kupunguza, tumbo langu likabaki nyuma, na gari halikuyumba hata kidogo.

"Umesikia?" akasema. "Umesikia lilivyoshika?"

"Nimesikia," nikasema, na nilikuwa nimesikia kweli. Nikatafuta kitufe cha kioo ili Neema anione ninavyobonyeza. Nikakosea, nikafunga milango. Neema kutoka nyuma akasema, "Kile cha chini, siyo hicho," na nikataka kumtupa nje.

Tulimshusha kanisani Mtoni. Hatimaye tukawa wawili, mimi na baba na matairi yake, na mbele lami tupu ya kurudia. Ndoto yangu yote ilikuwa imekaa pale. Baba akaingia kona ya pili, ya tatu, akinieleza lipi linafanya nini, la mbele linashika hivi, la nyuma linafuata hivi, na mimi nikawa naitikia huku nimeuma meno. Lile joto, ile hijabu, zile kona. Kabla hatujafika Mbagala nikatapika kila kitu juu ya kiti cha mbele.

Baba akasimamisha gari pembeni. Hakukasirika. Akafungua buti, akatoa ile kanga nyekundu iliyokuja na matairi, akanifuta mdomo kwanza, kisha shingo, kisha kiti. *Hasidi hana sababu* ikafanya kazi yote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejua tangu zamani.

"Ni ile harufu," akasema. "Nilikosea kukubeba. Basi, mama, pole."

Ningemwambia nini? Kwamba nilidanganya? Ushahidi ulikuwa umejaa kwenye kiti. Mama aliponiona nimerudi hivyo alimfokea baba mpaka sauti ikafika msikitini, na hukumu ikatoka kwamba mimi na gari lile tusionane. Jumamosi iliyofuata nikasimama tena kibarazani. Baba akalifunga tairi mkanda, akanipungia mkono, akatambaa nalo mchangani. Sasa nilijua hasa linakokwenda na nani anangoja, na wivu wenye ramani ni mbaya kuliko ule wa kubahatisha.

Matairi yale hayakudumu. Mpira laini unashika njia kwa kujimega, na mwishowe yalibaki vipara, nyuzi zimeanza kuchungulia. Baba hakupata mengine ya namna ile. Baba Neema aliyageuza geuza akasema, "Haya hata kuchongea ndala hayafai, laini mno," wakacheka wote wawili kinyonge. Kenge aliuzwa na matairi ya kawaida miguuni. Kona yangu ikarudi kuwa yangu, nikasogeza kitanda mahali pake, na kwa muda nikilala nilikuwa nageukia upande ule, hapana kitu cha kusoma.

Hayo yote nilimwambia Neema juzi, nimekaa kwenye benchi la kibanda kile kile, baba yake siku hizi amerudi Masasi kupumzika na yeye ndiye fundi. Nilidhani atacheka. Alikuwa amelilaza tairi jipya kwenye ringi, anakaza.

"Nilikuwa nakuchukia wewe," akasema.

"Mie? Na kiti ulikaa wewe?"

"Kiti!" Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Wewe unajua nilichokuwa nasikia pale kwenye kiti? Akishanifunga tu mkanda, anaanza. Mwanaidi amemaliza juzuu. Mwanaidi kamkosoa mwalimu wa hesabu, na kweli mwalimu kakosea. Mwanaidi hapendi harufu ya mpira, ana pua kama ya bibi yake. Mbagala mpaka Mtoni, Mwanaidi, Mwanaidi. Nikishuka naingia kwaya kichwa kinauma. Baba yangu mie ananipenda, sikatai, ila hajawahi kunitaja kwa mtu namna ile. Nilikuwa naomba Mungu uugue."

Akarudi kwenye tairi. Magari yalipita. Nilijua huu ndio wakati wa moyo kutulia, wa kumshukuru, labda wa kulia kidogo, maana tangu tumzike sikuwa nimelia vya kutosha. Badala yake kitu cha zamani kikanyanyuka kifuani, kizima kabisa, kama hakijawahi kulala. Mbele yangu baba hakuwahi kunisifu. Hakuwa mtu wa hivyo. Maneno hayo aliyasema kwa sauti yake mwenyewe, kila Jumamosi, ndani ya gari lile, na aliyeyasikia ni Neema.

"Alisema nini kingine?" nikamuuliza.

"Sasa mie nitakumbuka yote?"

Nikavuta benchi karibu na jeki. "Acha hilo tairi kwanza," nikasema. "Anza tena. Amekufunga mkanda, halafu?"